Nyumba Yangu, Dema Zangu, Mke

Kwenye matanga ya Bi Somoe nilikaa ukumbini na wanawake wengine, juzuu mkononi, nikamsikia mgeni mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Marehemu alikuwa mtalaka wa zamani. Mumewe alimwacha hata sisi hatujazaliwa." Mwenzake akasema, "Maskini," na wote wawili wakarudi kwenye juzuu zao. Kwenye matanga mtu hasahihishi watu, anasoma. Lakini yule mgeni alitumia neno "kuacha" wepesi wepesi, kama mtu anayetaja chumvi, na Bi Somoe niliyemjua mimi alilala nalo na kuamka nalo mwaka mzima, akaligeuza kila upande, na alipolitua chini lilikuwa limemzeesha. Nilikuwa naye chumba kimoja mwaka ule. Waliokuwapo wengine wamekufa au wametawanyika, kwa hiyo nitaueleza mimi, taratibu, na nitaanza na jambo dogo lililouanzisha wote, yaani kusikiliza podikasti.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nami nilikuwa nimeachwa. Kuachwa kwangu hakukuwa na utata: mume wangu alikuwa Mombasa, akatamka talaka mbele ya mashahidi wawili, akanitumia sauti yake kwenye simu, kisha karatasi ikafuata. Nikarudi Kismayo kwa Bi Somoe, dada mkubwa wa mama yangu, nikae eda kwake. Nililia sana siku za mwanzo, naye alinipikia uji wa mtama na kunikalisha karibu na jiko. Siku moja aliniambia, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Talaka yako ina kichwa na miguu." Niliona ananikejeli. Sikujua kwamba yule mama alikuwa akinionea wivu. Mume wake, Shee, alitoka kisiwani kwetu Chovae kwa mashua mwaka vita vilipoanza, na wengine waliokimbilia Kenya. Yeye Somoe alibaki kwa sababu mama yake mzazi alikuwa kitandani, habebeki. Walikubaliana atamfuata. Mama alichelewa kufa, njia zikafungwa, Somoe akaishia Kismayo, Shee akapelekwa mbali na watu wa wakimbizi, na tangu hapo haikuja barua wala salamu wala talaka. Watu walimwambia aende kwa kadhi ndoa ivunjwe, aolewe tena angali kijana. Akawajibu kwamba hawezi kuvunja kitu asichojua kama kipo.

Chumba chetu kilikuwa chembamba, vitanda viwili na sanduku, na dirisha lililotazama uani, penye jiko la udongo ambamo Bi Somoe alioka mikate ya mofa ya kuuza. Harufu ya unga wa mtama uliochachuka ilikuwa kwenye mito yetu, kwenye nywele, kwenye msahafu. Ua ule tuliuchangia na Halimo, mjane wa Kisomali aliyezungumza Kiswahili cha haraka na cha kuchekesha, na kila asubuhi alikuja Bi Esha, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi, kununua mikate miwili na kukaa mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa ndani, eda hainiruhusu kuzurura, na mchana ulikuwa mrefu. Binamu yangu wa Mombasa ndiye aliyeniambia, "Acha kulia kwenye simu kila siku, sikiliza podikasti." Nikamuuliza ni dawa gani hiyo.

Kwa wewe ambaye bado hujaanza, nikueleze kama nilivyoelezwa. Podikasti ni kipindi cha kusikiliza kama cha redio, ila redio hukukimbia na hiki hukungoja. Mtu hurekodi maneno yake akiwa popote, anayaweka kwenye mtandao, nawe unayapakua kwenye simu siku yenye mtandao mzuri ili uyasikilize siku usio mzuri. Usianze na vingi. Tafuta kimoja ambacho mzungumzaji wake ungemkaribisha chai, ukisikilize mikono ikiwa na kazi: kuosha vyombo, kukuna nazi, kushona. Ukikosa neno usione haya, rudisha nyuma. Na tia kisikizio sikio moja tu, la pili uliache wazi kwa adhana na kwa watu wa nyumbani. Mimi nilianza na mama mmoja aliyefundisha mapishi, nikaja kwa mwalimu wa Kiingereza, na kabla sijajua nilikuwa nimepitisha wiki nzima bila kulia asubuhi. Adhuhuri moja nilipiga kelele kutoka chumbani, "Nimeshapakua!" nikimwambia binamu kwenye simu, na Bi Somoe akaja mbio na mwiko. "Umepakua nini, na wali bado una maji?" Nilipomweleza kwamba siku hizi hata maneno hupakuliwa, alinitazama kwa huruma. "Basi kula hayo," akasema, "sisi tutakula samaki."

Binamu huyo huyo ndiye aliyenitumia kipindi cha mzee wa Kibajuni aliyekuwa akiishi Ulaya. Kiliitwa Chovae Kwetu, na kila sehemu ilikuwa na jina la kitu kimoja: dema ya kutegea samaki, mofa, kasa, mkeka. Niling'oa kisikizio ili wote wasikie, maana nani alikuwa amewahi kusikia lugha yetu ikitoka kwenye simu kwa mtu asiyekuwa jamaa? Bi Somoe alikuwa amechuchumaa anakanda unga. Sauti ikasema, ikitamka "mchu" kama wazee wetu wanavyotamka mtu, "Asalamu alaykum. Mimi ni mchu wa Chovae, na leo nitawaeleza dema husukwa vipi." Bi Somoe akaitikia salamu bila kuinua kichwa, kama anavyoitikia kila Mwislamu. Yule mzee akakohoa mara mbili, akafyonya kidogo, akaanza kueleza fito zinavyolowekwa. Mikono ya Bi Somoe ikasimama ndani ya unga.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe wapi, Bi? Kwenye salamu?"

"Kwenye kikohozi. Rudisha kikohozi."

Nikarudisha. Akasikiliza jicho likiwa kwenye ukuta. Nikarudisha tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemtambua mpita njia, "Huyo ni Shee."

Bi Esha akashika kifua. "Shee yupi, Somoe? Mashee wamejaa ulimwenguni."

"Mimi Shee ninaye mmoja tu."

Hakuna aliyemwamini siku hiyo. Halimo alimpelekea maji na kumsomea. Lakini kwenye kipindi cha pili yule mzee alijitaja jina, akataja na nyumba iliyokuwa karibu na msikiti, mlango wake umetazama bahari, na Bi Esha mwenyewe akasema, "Wallahi ndiyo ile," akakaa chini. Nilidhani Bi Somoe ataruka kwa furaha. Nilikuwa nimeshaona namba ya simu ya kipindi, nikamwambia, "Tumtumie ujumbe sasa hivi. Unasema tu hapa, anakusikia leo leo." Alinifunika mkono pamoja na simu. "Hapana. Mwenye nyumba habishi hodi, mwanangu. Hodi hubishwa na aliyetoka. Mimi niko ndani, upande huu nilikoachwa. Kama ananitaka, atanitaja, nami nitamwambia karibu." Nikamwambia pengine amemtaja tayari, vipindi ni vingi, naweza kuvipekua hata leo nikavisikiliza vyote. Hilo nalo akalikataa. Alisema hakuna anayeanza hadithi mwishoni. Shee alianza na dema, basi tutaanza na dema, na atakapofika kwake atafika kwa miguu yake.

Akaweka utaratibu wake. Kipindi kipya kilisikilizwa Ijumaa tu, baada ya sala, kwa sababu ndiyo saa ambayo mume huja nyumbani ametulia. Siku nyingine nilirudia kile cha wiki iliyopita akiwa jikoni, mpaka akajua wapi Shee atavuta pumzi. Na Ijumaa alijitengeneza. Alioga, akapaka wanja, akafukiza udi kwenye kanga, akatia asumini kwenye nywele ambazo tayari zilikuwa na mvi, kisha akaketi kitandani, mimi nikaweka simu juu ya sanduku mbele yake kama sinia. Bi Esha alimchokoza: "Ebo! Mwari wa nani huyu? Ngumi tulikuwa tukisema wanawake wa Chovae hujipambia hata upepo." Naye akajibu, "Nyinyi wa Ngumi hata upepo hauwatembelei." Walicheka mpaka wakafutana machozi. Nikikumbuka mwaka ule, vicheko vile ndivyo vinavyoniuma kuliko vilio.

Alizungumza naye. Shee akisema mofa hutaka moto wa wastani, Bi Somoe alisema, "Nani kakufundisha? Ulikuwa ukiunguza." Shee akilalamika kwamba huko aliko hakuna jua, alisema, "Si ungalirudi." Mara moja nyuma ya sauti yake vikasikika vikombe vikigongana, na mwanamke akauliza jambo kwa mbali. "Ameoa," akasema Halimo, ambaye hakujua kuzunguka. Bi Somoe akavuta kanga. "Dini inampa wanne," akasema, "mimi nauliza kama ningali mmoja wao." Na hilo, msomaji wangu, ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Hakuwa akimtaka arudi. Alikuwa ameshapita umri wa kumtaka mtu arudi. Alitaka kujua yeye ni nani: mke, au mwanamke aliyeachwa zamani na kukosa kuambiwa. Mume anaweza kutoa talaka akiwa nchi nyingine, na khabari ikapotea njiani. Kwa miaka yote ile kila alipoambiwa amtaje mumewe alisema "Shee" tu, maana neno lile jingine, "mume wangu", hakuwa na uhakika kama ni halali yake.

Miezi ikapita hivyo. Eda yangu ikaisha, nikawa natoka, lakini Ijumaa nilirudi mapema. Juu kabisa ya orodha vipindi vipya vilikuwa vikiongezeka, kisha siku moja nikaona kilichoitwa Asanteni, na baada yake hakikuja kingine. Nikamwambia Bi Somoe. Aliwaza kidogo akasema, "Amechoka, apumzike. Shukrani zitangoja zamu yao." Bado tulikuwa na vingi vya kusikiliza, tukaendelea na kasa.

Kilichomtaja kiliitwa Mashua. Shee alieleza siku ya kuondoka. Alieleza risasi zilivyosikika kutoka bara, watoto walivyopakiwa kwanza, maji ya kunywa yalivyotiwa kwenye mitungi ya mafuta. Kisha akasema maneno haya, nayajua kwa moyo: "Siku ile niliacha nyumba yangu, niliacha dema zangu, niliacha mke." Akakohoa. Kikombe kikawekwa juu ya meza. Akaendelea kueleza bahari ilivyokuwa.

Hatukusikiliza yaliyofuata. Nilikizima mwenyewe kabla sijaambiwa, na tukatazamana.

"Amenitaja," akasema Bi Somoe. Asumini ilikuwa imemshuka mpaka shingoni.

"Amekutaja," nikasema.

"Lakini amesemaje?"

Katika lugha yetu mtu huacha kofia msikitini, akaacha sigara, akaacha mke. La kwanza ni kusahau, la pili ni kukoma, la tatu ni talaka, na neno ni lile lile. Tuliirudisha sentensi ile mara nyingi kuliko tulivyowahi kurudisha kikohozi. Bi Esha alikuwa wa kwanza kutoa hukumu, na ilikuwa hukumu njema: nyumba haipewi talaka, dema haipewi talaka, na vyote vimetajwa safari moja, basi mke naye ameachwa kama nyumba ilivyoachwa, kwa kukimbia, si kwa talaka. Bi Somoe alimsikiliza hadi mwisho. "Vizuri," akasema. "Lakini nyumba yangu. Dema zangu. Mke. Lile 'wangu' amelipeleka wapi?"

Hatukuwa tumelisikia hilo. Nikarudisha. Kweli: nyumba yangu, dema zangu, mke. Sauti ilikatika pale kama uzi uliong'atwa kwa meno. Bi Esha akasema ni adabu, mwanamume muungwana hasemi "mke wangu" mbele ya halaiki, hata yeye hakuwahi kumsikia baba yake akimtaja mkewe kwa watu. Bi Somoe akasema, au alijua kwamba si wake. Bi Esha akasema, au kikohozi kimelimeza. Basi nikawa natia simu sikioni kwa kila mmoja, kutafuta "wangu" ndani ya kikohozi, na wapo waliolisikia na wapo wasiolisikia, na aliyelisikia asubuhi hakulisikia jioni.

"Naa, we Somoe," akasema Halimo aliyekuwa akipembua mchele mlangoni, "lugha yenu hii ni ya hatari. Kwetu kuondoka kuna neno lake na talaka ina neno lake, furay. Angekuwa Msomali ungejua leo."

"Ndiyo maana nyinyi hamna pa kutumainia," akajibu Bi Somoe.

Alikaa na sentensi ile wiki nzima. Hakuoka siku mbili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilijifunza wakati ule upungufu wa kitu nilichokipenda: sauti iliyorekodiwa hukungoja, hurudi nyuma ukiiomba, haichoki, haikukasirikii, lakini ukiiuliza swali hukupa jibu lile lile la jana. Alhamisi akaja kitandani kwangu akakaa kwenye miguu yangu. "Amebisha hodi," akasema. "Kidogo, lakini amebisha. Washa hicho kitu nimjibu." Nikafungua namba ya kipindi, nikamwonyesha pa kusemea. Aliishika simu kwa mikono miwili, akatoa salamu, akaweka kanga yake sawa. Kisha akasema, "Shee, ni Somoe. Nimesikia ulivyosema kuhusu mashua. Sina lawama. Nataka kujua jambo moja. Uliniacha, au uliniacha?" Akaniangalia kwa wasiwasi. "Ataelewa?" Nikamwambia yeye ndiye atakayeelewa kuliko watu wote.

Jibu lilikuja siku ya pili, kwa sauti ya msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikiokota kwa heshima. Alijitaja Nuru, binti wa Shee, ndiye aliyekuwa akimrekodi baba yake jikoni kwao. Alisema baba amefariki, na kwamba yeye Nuru aliendelea kutoa vipindi alivyoviacha baba, kisha akaweka tangazo kwenye kile cha mwisho, kile cha Asanteni, na alidhani wasikilizaji wote wameshajua. Alitaja na mwezi wa kifo. Alisema baba yake hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa na mke visiwani, wala hakuwahi kumwambia kwamba hana. Alikuwa amemuuliza mama yake, na mama yake alisema hivyo hivyo. "Alikuwa anasema ana mtu Chovae," Nuru akamaliza. "Mimi nilifikiri ni mama yake, bibi yangu. Samahani, Mama. Samahani sana."

Bi Somoe hakulia. Aliuliza mwezi aliotaja ni upi kwa hesabu yetu, na Bi Esha akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaficha mkono ndani ya buibui. Shee alikuwa amekufa tukiwa bado kwenye vile vipindi vya mwanzo, vya mapishi na mikeka. Karibu Ijumaa zote zile za udi na asumini, za "ulikuwa ukiunguza" na "si ungalirudi", Bi Somoe alikuwa akimjibu maiti. Na siku ile ya kwanza, niliyotaka kutuma ujumbe akanifunika mkono, Shee alikuwa hai, anakohoa. Bi Somoe alilijua hilo kabla yetu sote, niliona alivyoutazama mkono wake. Mpaka leo sidhani alikosea. Mwanamke aliyeachwa ndani miaka yote ile alikuwa na haki moja tu iliyobaki, ya kubishiwa hodi, na hakuna anayepaswa kumlaumu kwa kuishikilia.

Tukamwita Maalim wa mtaa. Alikaa barazani, sisi nyuma ya pazia, na akauliza kwa upole yale yanayoulizwa. Je, talaka ilimfikia kwa mdomo? Hapana. Kwa shahidi? Hapana. Kwa maandishi? Hapana. Sentensi ile akaisikiliza, akatikisa kichwa, akasema haithibitishi kitu. "Basi ndoa ni yakini," akasema, "na talaka ni shaka, na shaka haiondoi yakini. Bi Somoe, ulikuwa mke wake mpaka alipokufa." Nilimsikia Bi Somoe akitoa pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu anayetua mtungi aliotoka nao kisimani. Kisha akaniambia, "Alhamdulillahi. Zuhura, niletee ile kanga yangu nyeupe. Eda yangu ianze leo."

Maalim akasogea karibu na pazia. Kisha akasema, "Eda yako imekwisha, mama."

"Imekwishaje, nami sijaianza?"

"Eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya khabari. Miezi minne na siku kumi imeshapita nawe hujui. Imekwisha."

"Nilikuwa nikijitia udi, Maalim. Nilikuwa nikipaka wanja."

"Hukujua. Asiyejua hana dhambi."

"Sisemi dhambi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nasema nilikuwa nikimchekea."

Maalim hakuwa mtu mgumu. Alisema anaruhusiwa kuhuzunika moyoni kadiri apendavyo, kuomboleza kwa desturi ya eda ndiko kulikokwisha wakati wake, na kuongeza juu ya lililowekwa si vizuri. Akamwombea dua marehemu. Alipokuwa akivaa viatu vyake, Bi Somoe alimwita kutoka nyuma ya pazia, kwa adabu. "Maalim, nimekusikia, na sitakaa eda. Lakini mimi ni mtu mzima. Siku hizi miguu inaniuma. Nikiamua tu nisitoke nyumbani, kuna ubaya?" Maalim alisimama na kiatu kimoja. Akasema hakuna ubaya, miguu ni ya mwenyewe.

Basi hakutoka. Hakukaa eda, hakutoka tu. Wanja uliisha kwenye kichupa na hakununua mwingine, kwa sababu, alisema, macho yamezeeka. Asumini ilichanua uani ikaanguka. Bi Esha aliacha kutania, akawa anakuja na samaki waliokwisha kupikwa, na watu wa mtaa walioijua sheria kuliko sote wakapita wakitoa salamu dirishani bila kuuliza chochote. Mimi ndiye niliyeoka mofa miezi ile, nikaziunguza vya kutosha. Ijumaa, baada ya sala, tuliendelea na vipindi vilivyobaki, simu juu ya sanduku, yeye amekaa na kanga ya kawaida. Mashua tulikimaliza, tukaingia nyavu, kisha kile cha harusi, ambacho nilikiogopa, lakini Shee alieleza ngoma na chakula tu. Sikumsikia tena akimjibu. Alisikiliza kichwa kimeinama, akitafuta neno lake, na Shee aliendelea kueleza vitu vyote vya visiwani, kimoja baada ya kingine, kwa uvumilivu, na hakurudi tena kwenye lile. Katika kile cha mwisho kabla ya Asanteni pumzi ilikuwa imemwishia, akasema tu kwamba safari ijayo, Mungu akipenda, ataeleza juu ya chumvi.

Nikamuuliza kama tuisikilize Asanteni, ile ya binti. Akasema ndiyo, mtoto amesema, asikilizwe. Tukaisikiliza. Nuru aliwashukuru watu, akasoma dua akakosea mahali, akarudia. Bi Somoe akasema amina.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amevaa buibui, kikapu mkononi. Sikuhesabu siku, yeye alikuwa amehesabu. Tulikwenda naye pwani kwenye samaki, polepole, na watu wakampisha njia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza pale, wa kuja, asiyetujua vizuri, akamwambia, "Mama, umepotea! Ulikuwa safarini?"

"Nilikuwa ndani," akasema Bi Somoe. "Nimefiwa."

"Pole sana, mama. Na nani?"

Nilishika mkono wake, naye akautoa mkono wake kwangu taratibu, kwa sababu alikuwa akiuhitaji.

"Na mume wangu," akasema. Kisha akainama, akachagua samaki changu mmoja mkubwa, akamfunua shavu, kuangalia kama pangali na damu.